Mkono wa jezi

Mvua ikipiga mabati usiku hapa Rebero, mimi hulala. Nakiri. Niko juu ya kilima, nyumba yangu imekaa juu ya msingi wa mawe, na maji yanayomwagika kutoka paani kwangu huwa taabu ya mwingine huko bondeni. Asubuhi tunapanda mlima kwa mazoezi, tunasimama kutweta, tunalitazama jiji la Kigali lilivyotandazwa chini yetu, kisha tunatoa simu tupige picha.

Ugomvi wangu uko kwenye hiyo picha. Serikali yetu ina mkono mwepesi wa kutoa fedha pale panapopigika picha.

Mei 2018, maporomoko yakiua watu magharibi mwa nchi, tulitangaziwa kwamba jina la Rwanda litakaa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Ikaripotiwa pauni milioni 30 kwa miaka mitatu. Mei 2020 mvua ikaua tena, makumi ya watu kwa usiku mmoja. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, wakafa zaidi ya 130, wengi wao katika wilaya za Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Mto Sebeya uliwaingilia watu vyumbani, na kuta za rukarakara, matofali mabichi ya udongo, zikamumunyuka kama sukari kwenye chai. Agosti mwaka huohuo, makaburi hata hayajaota nyasi, tukatia saini mkataba na klabu nyingine, Bayern Munich.

Mei, Mei, Mei. Halafu mtu mzima, mwenye tai, anasimama mbele ya kipaza sauti na kuliita janga la ghafla! Ghafla gani hiyo yenye mwezi wake? Mlima ni wa asili, mvua ni ya asili, sibishi. Lakini familia kulala chini ya mteremko usio na matuta wala miti, hiyo ni bajeti.

Najua nitakavyojibiwa. Jezi huleta watalii, watalii huleta dola, dola hujenga nchi. Haya, hesabu hiyo na iwekwe mezani, tena kwa faranga: katika kila mia anayoiacha mtalii wa sokwe, ngapi zimeteremka hadi ukingoni mwa Sebeya? Maana tathmini ya serikali yenyewe, baada ya mafuriko yale, ilisema kuirudisha hali ilivyokuwa kunahitaji zaidi ya faranga bilioni 518. Kuta za kuuzuia mto zimejengwa tangu hapo, nazo nazishukuru. Zilijengwa baada ya mazishi.

Ukuta wa mto hauna shabiki. Mtaro hauna siku ya ufunguzi, hakuna mgeni wa heshima wa kuukatia utepe. Umefanya kazi yake usiku kucha, na asubuhi hakuna habari.

Kwa maskini, kinga yetu ni rangi nyekundu. Anakuja ofisa na kopo, anaandika "TOWA" ukutani, na mwenye nyumba anajua siku zake zimehesabika. Neno lenyewe ni Kiswahili chetu, hata tafsiri halihitaji. Nimeliona likiandikwa bondeni, kwenye nyumba zinazopokea maji. Huku Rebero yanakoanzia, tulikofunika vilima kwa mabati na zege, miaka yote hii sijaona kopo hata moja likipanda.