KUHAMIA ITALIA NA MTOTO MGONGONI (Sehemu ya 4)

Niliahidi kwamba leo tungeongea uji wa lishe. Uji usubiri wiki ijayo. Tangu niandike kuhusu kadi ya kliniki, inboksi imejaa swali la aina moja. "Nesi, nimepata chuo Italia, mtoto nifanyeje?" "Nesi, mume wangu kazi yake ni ya laptopu, anasema tukaishi Italia, baridi haitamuumiza mtoto?" Mmoja ameniandikia kutoka Lamadi, mwingine Maswa, na mwingine tayari yuko Padova na mimba ya miezi mitano.

Ndoto hizi najua zinakotoka. Kuna zile video: binti ameketi dirishani, laptopu mbele yake, kikombe cha kahawa pembeni, huku nje unaona mapaa mekundu ya Florence na kengele za kanisa zinalia. Nzuri kweli. Ila mimi sijaona hata moja yenye nepi imeanikwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nao. Nenda. Mwanamke wa Simiyu akipata nafasi ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo, aende, na yale maneno ya barazani ya "ameacha ndoa yake amefuata wazungu" ayaache hapohapo barazani. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 usimwache. Mchukue, au ahirisha. Najua hapa wengi tutagombana, na tugombane tu, tupo kwa ajili hiyo.

Kwanza la viza, nilipite haraka maana siyo fani yangu. Italia ilianza kutoa viza ya wafanyakazi wa mtandaoni mwaka 2024. Inataka uwe na utaalamu unaothibitishika, uzoefu wa kazi, nyumba ya kufikia, bima ya afya, na kipato cha kama euro 25,000 kwa mwaka au zaidi. Hiyo kwa hela yetu inavuka milioni 60. Kama mumeo anaingiza hivyo kwa laptopu akiwa Bariadi, dada yangu, mshukuru Mungu, na mjiulize kama hapa hamfai. Saa za Italia ziko nyuma yetu kwa saa 2 tu kipindi cha baridi na saa 1 kipindi cha joto. Anaweza kumfanyia kazi mtu wa Milano akiwa Somanda na jioni akala ugali wake.

Wengi wenu mlango wenu ni mwingine, ni wa chuo. Mikoa ya Italia inatoa ufadhili kwa wanafunzi kwa kuangalia kipato cha familia, na mtoto wa mkulima wa pamba hapo ana nafasi sawa na wengine, pengine nzuri zaidi. Ndiyo maana nasikia Padova, Bologna, Perugia, Pavia. Ni miji ya zamani sana. Chuo cha Padova kilianza mwaka 1222, na Galileo alifundisha hapo kuanzia 1592 hadi 1610.

Uzee wa mji una mambo yake kwa mwenye mtoto. Majengo mengi ya katikati ya mji hayana lifti, kuta ni za mawe, na wakati wa baridi ndani kunaota ukungu mweusi kwenye kona. Mtoto mwenye pumu atakohoa mpaka uchoke. Nyumba zenyewe kupata ni vita, maana wenye nyumba wanapenda kupangisha watalii wa siku tatu. Florence ilifika mahali mwaka 2023 ikazuia nyumba mpya za namna hiyo katikati ya mji wake wa kale. Venice ndiyo usiseme, wakazi wa kile kisiwa cha zamani wameshuka chini ya 50,000. Kuna madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi, na kigari cha mtoto unakibeba juu, unakishusha, unakibeba tena. Hapo ndipo kitenge chetu kinashinda. Mfunge mgongoni, pita.

Na wala tusijione wa kwanza kuhama. Padova ndiko lilikoanzishwa shirika la CUAMM mwaka 1950, lile la madaktari wa Italia wanaofanya kazi Afrika. Tanzania wapo tangu 1968, na huku kwetu Simiyu wamefanya kazi pia, walio Itilima wanakumbuka pale Mwamapalala. Wapo madaktari wa shirika hilo waliohamia Afrika na familia zao. Hakuna mtu aliyewaita watoro wa kwao. Ila kabla ya kuondoka wanaandaliwa: wanasomeshwa magonjwa ya huku, wanajua wanakwenda kukuta nini. Sisi tunaandaliwa na nani? Na video ya kahawa.

Sasa la mtoto.

Alikuja binti mmoja kliniki, mtoto wa miezi 7, mzito, anang'aa, ananyonya vizuri. Akaniambia anataka kumwachisha ndani ya wiki mbili kwa sababu anasafiri kwenda kusoma, mtoto atabaki na bibi kijijini. Hakuwa mama mzembe. Alikuwa analia. Familia nzima ilikuwa imeshamwambia kwamba nafasi ya namna hii haiji mara mbili.

Nami sikumwambia asiende. Nilimwambia aandike barua pepe chuoni aulize mambo mawili: kama anaweza kuanza mwaka unaofuata, na kama ufadhili wake unamruhusu kuja na mtoto. Hakuwa amewahi kuuliza. Hakuna aliyemwambia kwamba inaulizika! Huko masomo yanaanza kila Septemba au Oktoba. Wapo wanaokubaliwa kusogeza, wapo wanaokataliwa, lakini kuuliza ni bure.

Kwa nini naking'ang'ania hicho kipindi cha miaka 2? Kwa sababu naona wanaobaki. Mtoto wa miezi 7 akikatwa ziwa ghafla, bibi anampa maziwa ya ng'ombe, maana Simiyu ng'ombe tunao. Maziwa ya ng'ombe hayana madini ya chuma ya kumtosha mtoto wa chini ya mwaka, na damu inaanza kushuka. Maziwa ya kopo ni ghali, kwa hiyo hela ya ng'ambo ikichelewa kopo moja linanyooshwa kwa maji mengi. Chupa haichemshwi. Kuhara kunaanza. Bibi naye ana miaka 65, anaona hafifu, kituo cha afya kiko mbali, anasubiri kidogo aone. Hiyo "kidogo aone" ndiyo inatuletea watoto ambao macho yameshaingia ndani.

Mtaniambia bibi zetu ndio waliotulea. Kweli, mimi mwenyewe nimekula matobolwa ya bibi nikanenepa. Lakini nilikuwa na miaka 4, nimeshanyonya nikamaliza. Mtoto wa miaka 4 au 5 akibaki na bibi mwenye nguvu, sina ugomvi. Wa miezi 7 ni habari nyingine kabisa, na anayesema ni sawa tu hajawahi kukesha wodi ya watoto mwezi wa mvua.

Kuna linalonikera zaidi. Mume akipata safari, hakuna anayemuuliza mtoto atabaki na nani. Jibu linajulikana. Mke akipata, kikao kinaitwa. Baba wa mtoto yupo, mzima, ana mikono miwili, na bado tunamtafuta bibi wa Meatu. Baba anaweza kuja kliniki na kadi, nawapokea kila wiki wawili watatu, wanajua mpaka tarehe ya surua-rubela. Yule binti wa miezi 7 mumewe alikuja naye siku ile. Alikaa nje kwenye bodaboda.

Haya, umeamua kwenda naye. Kadi ya kliniki usiiweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, iweke kwenye mkoba wako. Italia wana sheria ya mwaka 2017: mtoto wa chini ya miaka 6 haingii chekechea bila chanjo 10 za lazima. Nyingi anazo kutoka huku. Zile penta 3 zimebeba dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib. Polio anayo, surua na rubela anazo. Zinazobaki ni matumbwitumbwi na tetekuwanga, hizo hatuna kwenye ratiba yetu, atachomwa huko. Usishtuke ukaona wanamrudishia, na usikatae. Waoneshe pia kovu la BCG begani. Watoto wao hawachomwi hiyo kwa kawaida, na kipimo cha kifua kikuu cha ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, daktari akahangaika bure.

Ukifika una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi. Usizile kwa kupiga picha. Mwanafunzi analipia kuingia kwenye bima ya taifa, kiwango cha chini kwa mwaka ni euro 700. Ukiwa umeandika wategemezi ada inapanda, uliza mapema. Mtoto ana haki ya daktari wake wa watoto, na hili shikeni: hata mtoto ambaye wazazi wake karatasi zimekwisha muda, matibabu ni haki yake. Mjamzito vilevile. Sheria yao inamlinda mjamzito asifukuzwe nchini mpaka miezi 6 baada ya kujifungua, na kliniki anaruhusiwa. Wewe wa Padova unayeniambia umeogopa kwenda hospitali kwa sababu kibali kinachelewa, nenda kesho asubuhi. Usisubiri uchungu.

Kuzaliwa Italia hakumpi mtoto uraia wa Italia. Anaweza kuuomba akifika miaka 18 kama ameishi huko mfululizo. Nawaambia kwa sababu kuna mtu anawadanganya wajawazito wakimbilie huko.

Baridi. Mtoto mweusi kwenye ukungu wa kaskazini mwa Italia halioni jua la kutosha, mifupa inalegea. Huko watoto wachanga hupewa matone ya vitamini D mwaka wa kwanza, mpe, siyo dawa ya wazungu peke yao. Kama ukoo wenu una sikoseli, na Kanda ya Ziwa tunayo kweli, mpime kabla hamjaondoka, maana baridi inachokoza maumivu. Padova wana madaktari wanaoijua vizuri, lakini lazima uiseme wewe.

Na jamani, jiko la mkaa. Umeme na gesi vya kupashia nyumba ni ghali, mtu anapata mkaa, anawasha ndani, anafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Hewa yake haina harufu na haiwashi macho. Mnalala na hamwamki. Familia za wahamiaji zimekufa hivyo Ulaya. Vaeni masweta matatu, laleni kitanda kimoja, lakini mkaa usiingie ndani ya nyumba. Mtu akiumwa kichwa na kutapika wote mkiwa ndani, tokeni nje, pigeni 112.

Nimalizie na Krismasi, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibika kwa walio vizuri kabisa. Mnarudi kusalimia Nkololo au Mwandoya na mtoto wa miaka 3 aliyekulia Bologna. Italia hawana malaria yao tena, Shirika la Afya Duniani liliwatangaza kuwa huru mwaka 1970. Cha ajabu ni kwamba hata hilo neno "malaria" ni lao, maana yake hewa mbaya, zamani walidhani inatoka kwenye harufu ya vinamasi. Mtoto wenu hana ile kinga ya kuugua mara kwa mara, na wewe yako imepungua. Yeye siyo wa huku tena kwa mbu. Kabla ya safari muone daktari wa huko akupe dawa ya kuzuia, na mkifika huku alale kwenye chandarua kila siku, siyo siku ya kwanza tu kisha bibi aseme "mwacheni apate hewa". Mkirudi Italia, homa yoyote ndani ya miezi kadhaa ukifika hospitali sentensi ya kwanza iwe: "Tulikuwa Tanzania." Daktari wa huko anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuona malaria, atafikiri ni mafua. Jifunzeni hiyo sentensi kwa Kiitaliano kabla ya kujifunza kuagiza kahawa.

Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za presha, kifafa au za kufubaza virusi, aje kituoni kabla ya safari achukue barua na dawa za kutosha miezi ya mwanzo. Barua iandikwe kwa Kiingereza na majina kamili ya dawa, siyo "kile kidonge cheupe".

Aliyeuliza kama kadi ya kliniki itatafsiriwa: cheti cha kuzaliwa ndiyo, kinatafsiriwa kwa Kiitaliano na kuthibitishwa, ulizeni ubalozi wao Dar es Salaam kabla hamjapanda basi. Kadi ya chanjo wauguzi wanaielewa wakiona tarehe na jina la chanjo, kwa hiyo kama mwandiko wetu hausomeki, njooni tuwaandikie upya. Jumatatu mpaka Ijumaa, asubuhi. Njoo na baba wa mtoto.

Wiki ijayo ni uji, nimeahidi.