Katuni Nazo Zina Msitu Wake

Wapo walimu wetu wapendwa ambao wakiona kitabu cha katuni dawatini hukinyakua papo hapo, ati ni upuuzi. Sikatai, vingine ni ngumi na bastola tu toka mwanzo hadi mwisho. Lakini hebu tumtazame Nausicaä.

Huyu ni binti wa mfalme katika hadithi ya Mjapani Hayao Miyazaki, aliyoichora gazetini kidogo kidogo tangu mwaka wa 1982 hadi 1994, ikatimia vitabu 7. Dunia yake iliteketezwa kwa vita, na sasa msitu wa kuvu wenye hewa ya sumu unazidi kuenea. Humo wanaishi wadudu wakubwa ajabu, Ohmu, ambao macho yao hugeuka mekundu wakikasirika. Kila mtu auogopa msitu huo. Wengine wataka kuuchoma. Nausicaä anachukua mbegu zake, anazipanda kwa siri, anazinywesha maji safi kutoka kisima kirefu. Loo! Mimea inaota bila sumu hata chembe. Kumbe sumu imo udongoni, waliouchafua ni binadamu, nao msitu unausafisha!

Hapo ndipo ninapompendea binti huyu. Anazungumza na Ohmu kwa moyo, karibu kama mtu anayeomba, lakini pia anapima na kujaribu kama yuko maabara. Hapa kwetu, huko Pwani, misitu ya kaya za Wamijikenda ililindwa kwa miiko: usikate mti, usiingie ovyo. Miiko ilitosha mradi watu waliiogopa. Vijana wengi walipoacha kuijali, mashoka yakaingia, hata ikabidi serikali ianze kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka wa 1992. (UNESCO ikaziorodhesha mwaka wa 2008.) Mlinzi aitwaye woga husinzia, jamani.

Mtaniambia hayo ni mambo ya Wajapani. Naam, na wanayajua vizuri: kule Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na tangu 1956 ulipogunduliwa ugonjwa wake, waliokula samaki wa pale walionekana wakipooza na kufa.

Ipo filamu ya 1984, tamu lakini fupi mno. Mambo mazito yamo vitabuni, navyo vimefasiriwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa maktaba, tafadhali, hata vile 2 vya kwanza tu. Tutavifunika jalada la khaki, mgeni asijue.