Moto yetu inatikisa kichwa



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kukausha samaki wakati wa mvua. Samaki watangoja. Siku ya Jumatano asubuhi, kabla sijamaliza kufagia kiwanja, mama wa hesabu wa kikundi kimoja cha hapa Kabondo aliingia kwangu, akakaa bila kuambiwa kaa, akasema: «Yaya, moto yetu iko na pepo.»

Moto hiyo ninaijua. Ni ya wamama 14, waliinunua kwa likelemba, kila mmoja akiacha kitu kwa ajili yake. Kijana wa jirani anaiendesha kama motari, na kila jioni analeta verseme. Sasa ilikuwa mwezi mzima inatikisa kichwa, yaani usukani unacheza kuume na kushoto wenyewe. Jumatatu ilianguka kwenye kona, na mtoto wa mmoja wao alikuwa nyuma akienda masomo. Mkono wake ulivimba, kwa neema haukuvunjika.

Kikundi kikakutana, na maneno yakawa matatu. Wengine walisema kijana anakunywa, afukuzwe. Wengine wakataka maombi. Na fundi mmoja alikuwa ameshawaambia kwamba furshi imekufa, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na lazima wanunue mpya. Pesa ya furshi ilikuwepo, lakini ilikuwa imewekwa kwa minervali ya watoto. Mama wa hesabu hakuja kuniomba shauri la roho. Alitaka kujua kama atoe pesa ile ao asitoe.

Wengi mnajua kwamba marehemu mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, tangu wakati wa toleka. Wale wenye umri wangu hawajasahau: miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu, mji huu ulibebwa na baiskeli. Mgonjwa, mihogo, bibi arusi, wote walipanda toleka. Mimi nilishika spana mbele ya kushika kalamu hii. Nikafunga kitenge vizuri, tukaenda.

Kitu cha kwanza sikugusa moto. Niliuliza kijana maswali. Chombo kinapoenda vibaya, watu wanakimbilia kuuliza «nani ameharibu», lakini swali linalosaidia ni «lini». Inacheza lini? Ikiwa na mzigo ao tupu? Kwenye lami ao kwenye mashimo? Ukifunga freni inazidi ao inapungua? Kona zote mbili ao moja?

Alijibu vizuri, kwa sababu hakuna anayeijua moto kuliko anayeikalia mchana kutwa. «Mama, nikiwa na magunia inatulia. Nikiwa na mtu mmoja tu, na mbio ikipanda, kichwa kinaanza. Nikifunga freni ya mbele inazidi. Tena kona ya kuume ni nzito, ya kushoto inaanguka yenyewe.»

Wamama, majibu hayo tayari yalikuwa nusu ya dawa. Furshi ikiwa mbovu haichagui siku za magunia na siku za kupumzika namna hiyo. Lakini sikutaka kushindana na fundi kwa maneno. Tukainua mbele ya moto juu ya kasha la bia, gurudumu likaning’inia. Nikashika furshi kule chini, nikaisukuma na kuivuta: hakuna kugonga. Ingegonga, ningejua kwamba gololi za kichwa zimelegea. Nikageuza usukani pole pole toka upande huu mpaka ule: ulikwenda laini, hapakuwa mahali pa kukwama. Nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa: halikulegea. Tukalishusha, kijana akashika freni ya mbele, akakandamiza usukani kwa nguvu. Ulishuka, ukapanda mara moja, ukatulia. Hapakuwa na mafuta yanayotiririka kwenye miguu. Upepo wa tairi ulitosha.

Furshi ilikuwa mzima. Nikamwambia mama wa hesabu aifunge ile pesa ya minervali katika kitambaa chake.

Ndipo tukaenda nyuma, na hapo macho tu yalitosha. Moto ilisimama kama kuku anayeokota punje, mkia juu. Amotiseri zote mbili, zile zenye resori zinazobeba kiti, hazikuwa zake. Mama mshonaji wa jirani alitupa mita yake ya kupimia nguo, tukapima kutoka skuru ya juu mpaka ya chini, kisha tukapima za moto nyingine ya namna ile ile iliyokuwa imesimama barabarani. Za kwetu zilizidi kwa sentimita 4. Na zilikuwa ngumu: mimi na unene wangu huu nilikaa kiti hakikushuka.

Nieleze kwa nini mkia mrefu unatikisa kichwa, kwa sababu hapa ndipo watu wanafikiri pepo. Tazama baiskeli kwa upande. Bomba la usukani halikusimama wima, limelala kidogo kuelekea nyuma. Ukifuata mwelekeo wa bomba lile kwa kamba mpaka chini, kamba inagusa udongo mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi linafuata nyuma, kama mtoto anayevutwa mkono na mama yake sokoni: akipotoka, mkono unamrudisha. Sasa ukiinua mkia, bomba linasimama wima zaidi, na ule umbali unapungua. Mtoto anakuwa karibu sambamba na mama, hakuna kinachomvuta tena, kila jiwe linampeleka linapotaka. Na ukifunga freni ya mbele, pua inashuka, mkia unapanda zaidi, basi inazidi. Ukiweka magunia, mkia unashuka, basi inatulia. Yote aliyosema kijana yanasimama hapo.

Hata magari ya mashindano yana ugonjwa huu. Ukiinua ao kushusha gari kwa kubadili resori, magurudumu yanabadili namna yanavyosimama, na lazima yapangwe upya, la sivyo gari nzuri inakuwa punda mkaidi. Katika Safari Rally ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1953, magari yamepita kwenye matope na mawe kama yetu. Shekhar Mehta, mtu wa Uganda kwa kuzaliwa, aliishinda mwaka 1973 na Datsun 240Z, gari ya michezo kabisa. Na kwa wale wanaoniambia kwamba mambo haya ni ya wanaume: mwaka 1982 mama wa Ufaransa, Michèle Mouton, alikuwa wa pili katika mashindano ya dunia yote, na mwaka 1983 akamaliza wa tatu katika Safari hiyo. Nasema tu.

Turudi kiwanjani. Ilibaki kona nzito. Tulifunga kamba ya kuanika nguo nyuma ya tairi la nyuma, tukaivuta mbele pande mbili, ikigusa kingo za tairi la nyuma, mpaka ipite kando ya tairi la mbele. Usukani ukiwa sawa, nafasi kati ya kamba na tairi la mbele lazima ilingane kuume na kushoto. Kwetu upande mmoja kidole kiliingia, upande mwingine hata ukucha haukupita. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa mshazari. Aliyekaza mnyororo mara ya mwisho alivuta upande mmoja mpaka alama ya tano, upande mwingine akaacha kwenye ya tatu. Zile alama ndogo kwenye chuma kando ya skuru ya gurudumu hazikuwekwa kwa urembo.

Tena kulikuwa porte-bagage ya chuma, imechomelewa ndefu, inapita nyuma ya gurudumu. Mzigo ukikaa huko unafanya kazi ya mzani: nyuma inashuka, mbele inakuwa nyepesi, na usukani hausikii.

Nikamuuliza kijana nani aliweka amotiseri hizi. Akasema ni yeye, kwenye garaji fulani, kwa pesa yake mwenyewe, ili abebe makala kutoka njia ya Ituri. Magunia matatu, mara nyingine manne. Kwa nini? Alitazama chini. «Mama, mliongeza verseme.»

Kiwanja kikanyamaza. Mama wa hesabu akaanza kukunja kona ya kitenge chake. Ilikuwa kweli, waliiongeza miezi miwili nyuma, na hakuna aliyeuliza pesa ya zaidi itatoka wapi. Kijana hakunywa. Alihesabu, na hesabu ikamwambia magunia matatu.

Tulitengeneza kitu kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja alipanda akaenda mpaka soko na kurudi. Ukibadili vitu vitatu mara moja, hutajua kipi kilikuponya. Kwanza tulinyoosha gurudumu, kazi ya spana mbili na bila franka hata moja: akarudi akasema kona zimelingana, kichwa bado. Kisha tulisawazisha ugumu wa resori, maana ya kushoto ilikuwa kwenye tundu la pili, ya kuume kwenye la mwisho. Ilisaidia kidogo sana. Amotiseri za kwanza alikuwa ameuza moja, nyingine ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, imejaa kutu. Kikundi kilitafuta mbili za kutumika, za urefu halali, zisizotoka mafuta. Bei yake haikufika hata robo ya ile furshi. Siku ya Ijumaa alizifunga, akamchukua mdogo wake nyuma, akaenda mpaka mbio ya juu. Aliporudi alikuwa anacheka.

Na magunia matatu? Tulijaribu. Nyuma ilishuka mpaka ikagonga chuma kwa chuma. Basi ni gunia moja, likae juu ya kiti, karibu na dereva, na porte-bagage ikatwe. Hiyo ni pesa kidogo kuliko jana. Kikundi kilijadili verseme mpaka giza likaingia. Wamama 9 walikubali irudi ilipokuwa, 5 walikataa, na wawili kati ya hao wangali wanasema ni pepo. Mtoto amerudi masomoni. Anakwenda kwa miguu, hataki kusikia neno moto, nami simlazimishi.

Ninyi mnaopanda moto za watu, simameni nyuma yake kwanza, ni dakika moja. Mkia uko juu kuliko moto za namna yake? Amotiseri moja imelowa mafuta, nyingine kavu? Tairi limekaa katikati ao limelala upande? Ukiwa na mtoto mgongoni usikae kwa upande kama kwenye benchi, mzigo wote unavuta kule. Na kichwa kikianza kucheza mko njiani, usiruke, usihame, shika kiuno cha dereva ukae kimya. Yeye asipige freni kwa ghafla wala kukaza mikono kama anapigana. Apunguze gazi pole pole, na mara nyingi itatulia.

Vikundi vyenye moto, Jumamosi saa tisa mchana nitakuwa kiwanjani kwangu. Leteni moto tupu, dereva mwenyewe, kamba ya kuanika nguo na mita ya mshonaji. Kasha la bia ninalo, na jirani anajua kwamba halina bia.

Samaki ni juma lijalo.