Kabla hujatupa hiyo laptop, tafuta bisibisi

Jamani wadau, nimechoka na hii kauli ya "laptop haiongezwi nguvu, nunua mpya." Hapa hosteli naisikia kila siku, na nilipokuwa TP Same niliikuta huko huko. Fundi mmoja pale mjini aliiwasha mashine yangu, akaona inaganda, akasema ya kutupa. Nitupe? Mashine hii ni tangawizi ya mama kule Myamba. Ililimwa, ikavunwa, ikabebwa kichwani. Siitupi ng'o!

Ukweli ni huu. Laptop nyingi za miaka ya nyuma zina vitu viwili unavyobadilisha kwa bisibisi tu: RAM na diski. Yangu ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Nikaweka GB 8 na SSD. Zamani nilikuwa nawasha, naenda kunywa chai, narudi bado inafikiri. Sasa inawaka kabla sijavuta kiti, na sikutumia hata robo ya bei ya mpya. Na lile vumbi la Same nililolitoa kwenye feni, mh!

Sio kila kitu kinabadilishika, nakubali. Prosesa nyingi zimechomelewa kwenye madabodi, hizo sahau. Ndio maana mashine ya zamani sana haikidhi masharti ya Windows 11 hata uijaze RAM, na huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 14, 2025. Hapo weka Linux, uandae somo lako. Zile nyembamba za kuringia nazo, nyingi RAM imechomelewa. MacBook Air iko hivyo tangu ile ya kwanza ya 2008.

Kwa hiyo kabla bumu halijatoka mfukoni, usiulize rangi. Uliza: "RAM inachomoka?" Muuzaji akikujibu "utaongeza mbele ya safari," mwambie afungue muone wote.

Wazee wa Kipare ndiva ikijaa tope hawakuihama. Waliitana msaragambo, wakazoa tope, maji yakarudi shambani. Sisi walimu watarajiwa, skrubu nane zinatushinda?

Jumamosi nipo chumbani na bisibisi yangu. Mwenye mashine inayoganda aje nayo, na soda yangu asisahau.

Nawasilisha.