Kiwanja cha Bagamoyo: kakione kwanza, ndipo ulipe

Ndugu mkulima, malipo ya tumbaku yakitoka, madalali huanza kutupigia simu wakiuza viwanja vya ufukweni Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika huko kwa miguu. Wewe una basi. Nenda ukakione.

Maoni yangu: usinunue kwa picha. Uliza majirani na serikali ya mtaa au kijiji, kisha omba upekuzi ofisi ya ardhi ujue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Pima umbali: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Lipa kupitia benki, kwa mkataba wa maandishi. Dalali akikuharakisha, panda basi urudi. Na pesa ya mbolea ya msimu ujao usiiguse.