Uduvi wa Mjukuu Wangu



Miezi miwili iliyopita tulimnunulia mjukuu wangu tangi la kioo na uduvi kumi wekundu wa maji baridi. Tuliwatia siku ile ile. Siku ya nne hakubaki hata mmoja. Mtoto akaniuliza, "Babu, ni mimi niliyewaua?" Nikamjibu: si wewe, ni haraka yetu sisi wakubwa.

Maji maangavu si lazima yawe salama. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, nayo pia ni sumu. Bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji majuma 4 hadi 6, pengine zaidi, kuenea katika kichujio na changarawe. Kwa hiyo tieni mimea na chembe chache za chakula, kisha mngoje mpaka vipimo vya amonia na naitriti visome sifuri.

Maji ya bomba ya hapa Uingereza hutiwa klorini. Iondoeni kwanza kwa dawa yake. Epukeni dawa za samaki zenye shaba, kwani huua uduvi. Siku ya kuwaingiza, maji ya tangi yadondoke tone kwa tone katika chombo chao kwa saa moja au mbili.

Jana, kwa mara ya kwanza, vipimo vyote viwili vilisoma sifuri. Mjukuu akauliza, "Kesho, Babu?" Nikamwambia: kesho tutapima tena.

Mola akitujalia, tutaonana mwezi ujao.