KONA YA MAMA: Kitambaa cha kudarizi kisioze

Sisi wa Rumonge tunajua: mawese hayakosi mikononi, unyevu wa ziwa haukosi nyumbani. Vyote viwili vinaua kitambaa.

Kwanza tupange. Tuchore ua kwenye daftari la hesabu, tuhesabu miraba. Kitambaa cha miraba 14 kwa inchi, ua la miraba 70 linakula inchi 5. Uzi wa rangi moja tununue wote pamoja.

Pili tutunze. Tunawe kwa sabuni. Jioni tutoe fremu, isiache alama. Tuviringishe, tusikunje, tufunge kwa pamba, maana nailoni inaleta ukungu.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia majumbani Rumonge. Basi kitambaa, uzi na mchoro vikae begi moja, juu ukutani. Kazi ya miezi isipotee usiku mmoja.